Nyama ya Barra

Paja la kondoo lilikuwa limelala kwenye sinki tangu alfajiri, na mpaka jua linapiga dirishani bado lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Masouda aliligonga kwa kifundo cha kidole. Likajibu ko, ko. Nyama gani hii, alijiuliza, ukiipigia hodi inaitika?

Chini sakafuni, mwanawe Bashayer alikuwa amekaa na mfuniko wa sufuria mapajani. Haupigi, hauzungushi, ameushika tu. Mtoto mdogo anayepewa mfuniko wa sufuria asiupige, huyo ana lake. Mikono ilikuwa imemwisha. Bangili ya fedha aliyovishwa na bibi yake Tabora ilikuwa ikipanda yenyewe mpaka karibu na kiwiko, kama mtu anayekunja mkono wa kanzu ili atawadhe. Kila siku Masouda aliishusha, na kila siku ikapanda.

Tabora mtoto huyu alikuwa mlafi. Neno hilo mama yake Masouda alikuwa akilitamka kwa furaha kabisa, "Mlafi wangu, njoo," na mtoto anakwenda kwa magoti, anakalishwa, analishwa supu ya mbuzi iliyopondewa ndizi mbichi, anakivuta kijiko mpaka unaogopa atakimeza. Baba yake mtoto, Yaqdhan, hakuyaona hayo. Alikuja Tabora kutafuta mke katika jamaa za Waarabu wa huko, akamwoa Masouda, akarudi Maskati kwenye kazi yake ya wizarani, akaanza kuhangaikia makaratasi ya kuwaita. Makaratasi yalipokamilika mtoto alikuwa ameshaota meno. Masouda akapanda ndege naye kifuani, akashushwa kwenye fleti ya juu katika jengo moja la Khuwair, sebule ikitazama barabara kuu. Na tangu wiki ile ya kwanza mtoto akafunga mdomo.

Barabara yenyewe haikuwa na usiku wala mchana. Magari hayakupiga kelele hasa, yalivuma tu, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Hakuna aliyetembea. Tabora ukikaa dirishani unamtambua mpita njia kwa mwendo wake, na ukitaka unamwita. Hapa Masouda alizijua rangi za magari. Alisoma mpaka darasa la saba na somo la jiografia alilipenda, lakini ramani nzima ya Maskati aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa hii: fleti, lifti, gari la mumewe, nyumba ya mama mkwe kule Azaiba, gari, lifti, fleti.

Na Yaqdhan hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mume mbaya utamlilia kwa wazee. Mume mwema anayekufungia ndani kwa kukuonea huruma, utamlilia kwa nani?

"Ukitaka kitu, Mama Bashayer, niambie mimi," alimwambia mara tu walipofika. "Usitoke peke yako. Kiarabu hujakijua, na magari ya hapa hayamngoji mtu wa miguu."

"Nataka nyama ya mbuzi, mbichi. Iliyochinjwa asubuhi. Na ndizi za kupika."

"Ntakuletea."

Akaleta. Kila akitoka kazini alasiri alipita supamaketi kubwa, akarudi na mifuko imemkata vidole: kuku weupe wasio na harufu yoyote, paja la kondoo aliyechinjwa Australia akasafiri na meli ndani ya barafu, na ndizi za njano zilizoiva.

"Mbichi zilikuwa zimekwisha," alisema. "Na nyama ni nyama, mama. Ikishaiva nani atajua ililala wapi?"

Bashayer alijua. Aliitia mdomoni, akaikalisha kwenye shavu, akaitema kwenye kiganja cha mama yake kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu alichopewa kwa makosa.

Siku za Ijumaa walikwenda Azaiba kwa Bi Nasriya, mama yake Yaqdhan. Bi Nasriya alizaliwa Unguja, na ingawa Maskati amekaa miaka mingi kuliko aliyokaa kwao, ulimi wake haukuhama. Kwake yeye dunia ilikuwa na pande mbili, Unguja na bara. Bara ndiko wasikojua kuchuja tui. Bara ndiko wanakopika wali ukawa uji. Bara, kwa kudra ya Mungu, ndiko alikotoka mke wa mwanawe.

"Masouda, mwanangu, pilau hii umeitia nini?"

"Bizari, mama. Kama ulivyonionyesha."

"Mm. Bizari hiyo nayo imekwenda bara ikarudi."

Wanawake waliokuwapo wakacheka, na Masouda akacheka nao, maana usipocheka utaambiwa una moyo mdogo. Lakini neno lilikuwa likimwingia. Bara. Watoto wa jamaa wakikimbizana uani, mmoja akivunja kitu, utasikia, "Mtoto we, una mambo ya bara!" Masouda anainamisha uso kwenye kikombe chake cha kahawa.

Ijumaa moja, Shaabani imeingia karibuni, Bi Nasriya alimpakata Bashayer, akaishika ile bangili kwa ncha ya kidole, akaisukuma. Bangili ikapita kiwiko, ikapanda, ikaenda kukaa karibu na bega.

"Yaqdhan. Ushauona mkono wa mtoto huyu?"

"Ataongezeka, mama. Anazoea hewa."

"Hewa hailiwi, baba." Akamgeukia Masouda, na safari hii hakukuwa na kicheko usoni. "Mwanangu, mimi sikulaumu. Wewe mwenyewe mtoto, na kwenu mbali. Lakini Ramadhani hiyo inakuja, wewe utafunga, na huyu halishiki. Mwezi haujaandama, nnakuja kumchukua. Atakaa na mimi hapa."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka anenepe."

"Na mimi?"

"Wewe una mumeo. Utakuja Ijumaa, kama hivi unavyokuja."

Masouda alimtazama mumewe. Yaqdhan alikuwa ameshika kokwa ya tende, anaizungusha vidoleni kama imeandikwa kitu.

Kuanzia siku hiyo Masouda hakulitazama tena dirisha la sebuleni. Alihamia la jikoni, dogo, lililotazama nyuma, kwenye uchochoro mwembamba baina ya jengo lao na la jirani. Hakukuwa na cha kuona ila mashine za viyoyozi zinazodondosha maji, na paka. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa kutazama, akatazama. Akaona jambo. Kila asubuhi magari ya wafanyakazi yakishaondoka, paka walitoka chini ya mapipa na nyuma ya mashine, mmoja mmoja, wembamba, masikio marefu, wakashika njia moja, ile ya kushoto. Hawakukimbia. Walikwenda kama watu walioalikwa. Baadaye wakarudi wanajilamba.

Masouda akakumbuka maneno ya mama yake. "Ukifika mji usioujua, usiwaulize watu duka la nyama nzuri liko wapi. Watu watakupeleka kwa shemeji yao. Fuata paka. Paka hana shemeji."

Asubuhi ya pili yake akavaa baibui, akamweka Bashayer kiunoni, akashuka na lifti. Mlango wa lifti ulipofunguka alitazama kushoto na kulia, kama anayeiba. Alipozunguka nyuma ya jengo alisimama, akastaajabu. Kulikuwa na mji. Palikuwa na fundi cherehani mlangoni, kinyozi, dobi aliyejaza mtaa mzima mvuke wa pasi, duka la mikate, watu wanatembea kwa miguu yao. Mitaa ya Khuwair ya Kusini ilikuwa imekaa pale siku zote, imempa mgongo tu.

Kwenye bakala, kama wanavyoliita huko duka la vyakula, aliona ndizi mbichi zimetundikwa mkungu mzima. Karibu machozi yamtoke. Alisimama mbele ya duka akingoja. Gari likaja, likapiga honi, mwenye duka akatoka mbio na mfuko, akapita mbele ya Masouda kama anapita mbele ya nguzo. Likaja la pili, honi, akatoka mbio tena. Hapo ndipo alipoelewa kwamba katika mji huu mteja ni gari. Mtu hashuki. Anapiga honi, analetewa. Naye Masouda hana honi. Ilibidi akate chane ya ndizi mwenyewe kutoka kwenye mkungu, akaiweke mezani, akasimama mbele ya yule mtu asipite, ndipo alipoonekana.

Duka la nyama lilikuwa mbele kidogo, limechorwa mbuzi na ng'ombe ukutani. Paka walifika pale, wakakata kona, wakaingia kichochoro cha pembeni. Masouda aliwaona. Lakini mlango ulikuwa hapa mbele, na mbuzi amechorwa hapa mbele, naye mtu mzima hawezi kuingia kichochoroni pamoja na paka. Akaingia mlangoni.

Ndani mlikuwa na majokofu yenye vioo. Nyama zile zile, ngumu vile vile, zimevaa ukungu mweupe. Muuzaji alikuwa Mpakistani mnene mwenye ndevu za hina, kisu mkononi, na wanaume kadhaa walikuwa wamesimama wakizungumza naye. Wote wakageuka kumtazama mwanamke aliyekuja kwa miguu na mtoto kiunoni.

Masouda alitikisa kichwa kuelekea majokofu. Kiarabu alichokijua ni cha kuswalia, na huwezi kununua nyama kwa Alhamdu. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Sitaki ya barafu. Barafu, hapana."

Macho ya yule mtu yakafunguka, kama aliyesikia neno la kwao. "Baraf?"

"Barafu, la!"

"Ah! Baraf mafi! Baraf mafi!"

Mafi alishalijua. Neno hilo lilimtia haya siku za mwanzo, mpaka mumewe akamweleza akicheka kwamba ni "hakuna" tu, si lile alilodhani. Kwa hiyo barafu hakuna. Sawa, wanaelewana. Akatabasamu. Yule mtu naye, kwa kuwa watu wasiojuana lugha hudhani kasoro iko masikioni, akapaza sauti, akauinua mkono wenye kisu, akaunyoosha kuelekea mlangoni nyuma ya Masouda, akasema:

"Barra! Barra! Ruh barra!"

Tabasamu likamfia Masouda mdomoni. Ruh pia alilijua, maana ndilo Yaqdhan alilowafukuzia paka ngazini. Nenda. Nenda bara.

"Barra, mama, barra!" Yule mtu akaendelea kusukuma hewa kwa kisu chake, na mmoja wa wale wanaume akacheka.

Hakukumbuka alivyofika nyumbani. Aliketi kwenye kiti cha jikoni na baibui lake, ndizi miguuni, mtoto kifuani. Amejuaje? Hakusema ametoka wapi. Alisema barafu tu. Basi imeandikwa usoni, alifikiri, au Bi Nasriya ameshautangazia mji mzima mpaka wauza nyama. Mtu amekuja na mtoto wake kiunoni, na pesa yake mkononi, anaambiwa rudi kwenu mbele ya wanaume.

Na hakuwa na wa kumweleza. Angemwambia Yaqdhan, ingebidi kwanza amwambie kwamba alitoka. Kosa la siri liko hivyo, linakunyima hata wa kukupa pole.

Hakutoka tena. Alizichemsha zile ndizi na nyama ya jokofu. Mtoto akala ndizi kidogo, nyama akairudisha kiganjani. Ndizi zikaisha. Yaqdhan akaleta dawa ya chupa ya kufungua tumbo, tamu, ya waridi, na mtoto akaikubali dawa na chakula akakikataa vile vile. Mwezi wa Shaabani ukajaa juu ya barabara kuu, ukaanza kupungua. Bi Nasriya akapiga simu.

"Nshamnunulia kijitanda, Masouda. Kina vipepeo. Utamfungia nguo zake kidogo tu, nyingine nshamshonea."

"Ahsante, mama," alisema Masouda. Ulitaka aseme nini?

Ijumaa wakaenda Azaiba kama kawaida. Bashayer alishinda na watoto wa jamaa, watoto wanaosema Kiarabu wakicheza na Kiswahili wakiomba chakula. Alilala garini wakati wa kurudi. Asubuhi ya Jumamosi, baba yake ameshakwenda kazini, Masouda akamkuta amesimama mbele ya mlango wa fleti, ameweka viganja viwili juu ya mbao.

"Bara," mtoto akasema.

Masouda akachuchumaa mbele yake.

"Unasemaje?"

"Bara!" Akaupiga mlango. "Barra! Barra!" Na ile r akaikokota ulimini kama Mwarabu mtu mzima.

Basi wameshamfundisha. Hata hajahamia kwao, wameshamfundisha kumwita mama yake hivyo. Masouda akaketi pale pale kwenye vigae vya ukumbini, akaufunika uso kwa kanga, akalia. Hakulia kwa sauti, maana hata kulia alikuwa ameshajifunza kulia kwa fleti, majirani wasisikie.

Mtoto alimtazama. Akaondoka. Kidogo akarudi, anaburuta kiatu cha mama yake kwa kamba ya kisigino, akakiweka mapajani pake. Akaondoka tena, akaleta cha pili. Kisha akaleta kandambili yake mwenyewe, moja, nyingine hakuiona. Akamshika mama yake kidole, akakivuta kuelekea mlangoni.

"Barra," akasema, sasa kwa kubembeleza.

Masouda akaishusha kanga. Akatazama viatu. Akatazama mlango.

"Nje?" aliuliza polepole. "Bashayer, unataka nje? Barra ni nje?"

"Barra," mtoto akajibu, kama mwalimu aliyekwisha choka.

Nje. Watoto wa Azaiba wakitaka kwenda uani wanapiga kelele barra, barra! Mara ngapi amewasikia akadhani wanataniana? Yote yakamrudia kwa mpigo: kisu kimenyooshwa mlangoni, "Baraf mafi," paka wanakata kona wanaingia kichochoroni. Hutaki ya barafu? Isiyo na barafu iko nje, mama, nenda nje! Katika Maskati nzima mtu mmoja alikuwa amemwelewa maneno yake yote, na huyo ndiye aliyemkimbia.

Akacheka na machozi hayajakauka. Akaitafuta kandambili ya pili chini ya kochi.

Pale bakala walisimama tena mbele ya mwenye duka anayekimbilia magari. Likaja gari, likapiga honi. Bashayer kiunoni akalitazama, akamtazama mwenye duka, akaikusanya midomo:

"Piii!"

Mwenye duka akageuka. Akacheka mpaka akashika kiuno, akaja na chane nzima ya ndizi, akamwinamia mtoto kama anavyoinamia dirisha la gari.

Kwa muuza nyama Masouda hakuvuka kizingiti. Alisimama mlangoni akauliza, "Barra?"

"Barra, barra!" Yule mwenye ndevu za hina akafurahi kama aliyemngoja, akatoka kwa mlango wake wa nyuma. Masouda akakata kona. Paka walikuwa wamekaa mstari, wametulia, mbele ya mlango wa wavu wa nzi, na ndani ya wavu mbuzi walioletwa asubuhi hiyo kutoka machinjioni walikuwa wametundikwa, wekundu, bado wana joto. Alibonyeza bega la mmoja kwa kidole gumba. Nyama ikabonyea, ikarudi. Ikanukia nyumbani.

"Hapa," alisema, akionyesha. "Na mfupa wake."

Siku ile Bashayer alikula supu ya bega la mbuzi na ndizi zilizopondwa, tangawizi kidogo, ndimu kidogo. Kijiko cha kwanza alikikalisha shavuni. Masouda akaweka kiganja tayari. Mtoto akameza. Akafungua mdomo.

Wakawa wanakwenda mara kwa mara, baada ya magari ya asubuhi, paka mbele wao nyuma. Yaqdhan alirudi kazini akamkuta mtoto analala kwa shibe, akasema, "Ile dawa ya waridi nzuri sana," na Masouda akasema, "Nzuri." Mfuniko wa sufuria ukaanza kupigwa mpaka jirani wa chini akagonga dari. Na bangili, siku ikaenda, siku ikaja, ikaanza kukaa pale ilipowekwa.

Alhamisi ya mwisho ya Shaabani, siku ya mapumziko, Yaqdhan alikwenda asubuhi Azaiba kumchukua mama yake. Bi Nasriya akaingia na begi mkononi, tupu, la nguo za mtoto. Masouda alikuwa ameshaweka supu mezani.

"Assalamu alaykum. Yuko wapi mjukuu wangu?" Akamnyanyua, na mikono ikashuka kidogo kwa uzito asioutazamia. Akaishika bangili kwa ncha ya kidole. Akaisukuma. Bangili haikwenda.

Akaketi, akavuta bakuli, akaonja. Akaonja tena. Bashayer akaja akafungua mdomo mbele ya kijiko cha bibi yake bila kuombwa, akala, akafungua tena.

"Nyama hii," Bi Nasriya akasema, "siyo ya Yaqdhan."

"Siyo, mama."

"Umeipata wapi?"

"Bara."

Bi Nasriya akakiweka kijiko. "Bara? Nani kakuletea nyama na ndege kutoka Tabora, ewe Masouda?"

"Barra!" Bashayer akasahihisha, r imeviringika, kidole kimeelekezwa mlangoni.

Bi Nasriya akautazama mlango, akaelewa, akaanza kucheka, bega likimtikisika, mtandio ukamtoka kichwani. "Barra! Yallah toba! Mtu wa bara kapata nyama barra!" Na kwa mara ya kwanza Masouda akacheka neno hilo bila kujilazimisha.

Yaqdhan hakucheka. "Umetoka," alisema.

"Nimetoka."

"Kwa miguu. Na mtoto."

"Kwa miguu, Baba Bashayer. Hapo nyuma tu, mahali wanapokwenda paka."

"Ungegongwa na gari? Ungepotea? Ningewaambia nini watu wa Tabora?" Sauti haikuwa ya hasira, na hilo lilimuuma zaidi. Akawaza, akapoa, akaona njia. "Basi. Duka lenyewe ushaliona, utanionyesha. Kuanzia leo nitanunua mimi hapo hapo. Huna haja ya kutoka tena."

Masouda aliusikia mlango ukifungwa, taratibu, na mtu anayempenda.

"Leo simchukui," Bi Nasriya akasema, akijifunga mtandio wake. "Lakini Idi nnakuja kumwangalia. Bangili ikipanda tu, na mimi nnapanda gari."

Walipokwenda kumrudisha Azaiba, wakapita nyuma ya jengo. Bi Nasriya alikaa mbele na mwanawe. Masouda alikaa nyuma na Bashayer, kioo kimefungwa, kiyoyozi kinavuma, na mitaa ile aliyoikanyaga kwa miguu ikampita nje kama kwenye televisheni. Dobi. Kinyozi. Ndizi. Mbuzi aliyechorwa ukutani.

"Hapa?" Yaqdhan akauliza.

"Hapa. Lakini inabidi mtu ashuke..."

Alikwisha piga honi. Mlango wa duka ukafunguka, na yule mwenye ndevu za hina akatoka mbio na mfuko uliokwisha fungwa, kama anavyoyatolea magari yote. Kioo cha mbele kikashuka, mfuko ukaingia, salamu mbili za Kiarabu, shukran, kioo kikapanda.

"Umeona?" Yaqdhan akaurusha mkono nyuma, akampa. "Rahisi tu."

Mfuko ulikuwa baridi. Ulimtulia Masouda mapajani kwa uzito wa jiwe, ukungu mweupe unayeyuka unamlowesha baibui. Akaugonga kwa kifundo cha kidole.

Ko, ko.

"Baba Bashayer, siyo hii."

"Mama, si duka lile lile?"

"Duka ndilo. Nyama siyo."

"Tutarudi siku nyingine. Kuna gari nyuma, linapiga honi."

Kweli lilikuwa linapiga. Masouda akatazama kupitia kioo. Pale konani paka wa mwisho alikuwa anaingia kichochoroni, mkia juu, hana haraka. Akafikiri juu ya wiki hii, na ile ijayo, na mfuko huu kila alasiri. Akafikiri juu ya kijitanda chenye vipepeo. Bashayer akaweka viganja viwili kwenye kioo.

"Barra," akasema.

Masouda akauweka ule mfuko kwenye kiti. Akamweka mtoto kiunoni. Akashika kitasa, akafungua mlango, na joto na harufu ya mtaa vikaingia garini pamoja na kelele za honi.

"Masouda!" Yaqdhan akaita. Mkono wake ulikuwa bado juu ya usukani.

"We Masouda! Wenda wapi mbele ya watu wote hawa?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Nasriya.

"Barra, mama."

Akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa amekwenda hatua chache tu aliposikia kioo cha mbele kikishuka. Akakaza moyo, akangoja neno litakalomrudisha.

"N'chagulie na mimi!" Bi Nasriya akapiga kelele kupita honi zote. "Ya mbavu! Yenye mafuta kidogo!"

Masouda hakugeuka, asije akaonekana anavyocheka. Akakata kona.